Maji ya Kumwosha Mak Saonah

Benchi letu liko mdomoni mwa kichochoro cha tatu, Kampung Rawa Kerang, Jakarta ya kaskazini, mbele ya kibanda cha kahawa cha Mpok Leha. Siku hiyo tulikuwa tumekaa miguu juu kama kuku, maana bahari iliingia usiku, na maji meusi yalikuwa yanazunguka chini ya benchi na mifuko ya plastiki, makopo, na kandambili ya mguu mmoja isiyojulikana ni ya nani. Bendera ya njano, ya kutangaza msiba, ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya umeme. Mak Saonah, mfuaji wetu wa nguo, alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri, na mpaka saa nne asubuhi alikuwa bado amelala sebuleni kwake chini ya kitambaa cha batiki, hajaoshwa. Bomba lilikuwa kavu wiki nzima. Huku kwetu bomba likikauka hatusemi maji yamekatika, tunasema yamekufa. Kwa hiyo asubuhi ile mmoja alipita akiuliza, "Amekufa?" na mwingine akauliza, "Yamekufa?" na wote wawili tuliwajibu ndiyo.

Mimi ni kinyozi. Kioo changu kimetundikwa ukutani pembeni ya kibanda, ndiyo maana wananiita Bang Kioo, yaani Kaka Kioo. Siku za mafuriko hanyoi mtu, basi nakaa nakunywa kahawa nikisikiliza watu wanaojua kila kitu. Wa kwanza ni Karsono, tunamwita Mkataba. Zamani alikuwa dereva wa bosi mmoja wa kampuni ya maji, na tangu hapo hakuna kifungu cha mkataba asichokijua, ingawa mkataba wenyewe hajawahi kuutia machoni. Wa pili ni Tasrip, jina la kijiweni Pampu, kwa sababu anauza na kutengeneza pampu za kuvutia maji. Wa tatu ni Sueb, mwembamba kama ufagio, kwa hiyo tunamwita Bonge. Yeye anasukuma mkokoteni wa madumu ya maji na kuuza nyumba kwa nyumba. Mkokoteni ulikuwa pale pale, magurudumu yamezama, madumu yote matupu. Na nyuma ya birika yuko Mpok Leha mwenyewe, dada mkubwa wa kila mtu na mdomo usio na breki.

Tulikuwa tunangoja boza la maji. Mkataba ndiye aliyepiga simu kampuni tangu asubuhi na mapema, na ndiye aliyetuambia boza linakuja. Mak Saonah angeoshwa, angesaliwa, angezikwa kabla ya adhuhuri. Ndivyo tulivyopanga.

Pampu: Bang Mkataba, hilo boza lako linatoka hapa hapa mjini au linatoka Makka?

Mkataba: Subira, bwana. Nimeongea nao mwenyewe.

Bonge: Umeongea na nani?

Mkataba: Huduma kwa wateja.

Bonge: Mtu au mashine?

Mkataba: Sauti ya mwanamke.

Bonge: Nimekuuliza mtu au mashine.

Mkataba: Mashine. Lakini mashine yenye adabu zake. Imesema, "Eneo lako limehudumiwa. Tunashukuru kwa uvumilivu wako."

Mpok Leha: Limehudumiwa? Na nani? Lini? Mbona mimi sikuitwa?

Mkataba: Ndo mnapokosea nyie, Mpok. Hamjui lugha ya ubia. "Kuhudumiwa" maana yake bomba limepita. Likipita tu mbele ya mlango wako, umehudumiwa. Ndani ya bomba kuna nini, hicho ni kifungu kingine.

Mpok Leha: Mita yangu inazunguka, Mkataba! Inazunguka usiku kucha na tone halitoki. Upepo ndo unaizungusha. Nalipia upepo!

Mkataba: Basi na wewe umehudumiwa kwa upepo.

Tulicheka. Nitasema ukweli, tulicheka kabisa, na bendera ya njano hatua chache tu kutoka pale. Mpok Leha alitugawia kahawa nyingine, nyeusi nzito, machicha yanashuka taratibu chini ya glasi. Pampu akawasha sigara ya karafuu.

Bonge: We Mkataba, hebu nieleze tena huo ubia. Polepole, maana mi sijasoma.

Mkataba: Rahisi tu. Serikali ina mto na mabomba ya zamani, haina hela. Mwekezaji ana hela, hana mto. Wanakutana hotelini, wanasaini, wanapigwa picha, wanakula. Huyu katoa mto, yule katoa hela. Huo ndo ubia.

Bonge: Na sisi tumetoa nini?

Mkataba: Nyie wateja.

Bonge: Mteja si ndo yule anayepata kitu?

Mkataba: Kwenye ubia, mteja ni yule anayetarajiwa kupata.

Pampu: Kwani wale wa kwanza si walishatimuliwa? Tulipewa na fulana tukaandamane.

Mkataba: Hawakutimuliwa. Muda wao uliisha, wakaingia wengine.

Pampu: Tofauti yao nini?

Mkataba: Wa kwanza walivaa mashati ya buluu. Hawa wa sasa ya kijani.

Mpok Leha: Fulana nilikuwa nayo mimi. Nimedekia sakafu mpaka imeisha.

Mkataba: Halafu kuna kitu kinaitwa hatari. Sikilizeni, hapa ndo pana utamu. Kwenye ubia, hatari inagawanywa. Mto ukikauka, hatari ya serikali. Mtambo ukiharibika, hatari ya mwekezaji. Bomba likipasuka, inategemea limepasukia upande gani.

Mpok Leha: Na maiti akilala hajaoshwa mpaka saa nne, hiyo hatari ya nani?

Mkataba akakoroga kahawa yake.

Mkataba: Hiyo haikuandikwa, Mpok.

Walimkuta Mak Saonah amekaa mbele ya bomba lake, ndoo iko katikati ya magoti, bomba limefunguliwa hadi mwisho. Alikuwa anangoja. Watu wa vichochoro vyote vya huku walivaa nguo alizofua yule mama, mashati ya shule, kanzu za Idi, nguo za wagonjwa, na mikono yake ilikuwa imejikunja ngozi hata siku ambazo hakufua. Naandika haya na roho inaniuma, kwa sababu shati nililovaa siku hiyo alinipigia pasi yeye.

Basi akatokea Ustaz Mahfud, amepandisha sarong juu ya magoti, anavuta miguu ndani ya maji. Ustaz wetu ni mtu wa taratibu sana, hata akikimbia unaona kama anatembea. Siku hiyo alikuwa anakimbia.

Ustaz: Asalaam alaykum. Boza?

Mkataba: Alaykum salaam. Liko njiani, Ustaz.

Ustaz: Njiani wapi? Barabara kuu haipitiki, pikipiki zinasukumwa. Duka la maji ya galoni limefungwa tangu jana, gari lao limezama. Tangi la msikiti limebaki matope. Na wachimba kaburi wamenipigia simu sasa hivi. Wanasema shimo linajaa maji, wanayachota kwa ndoo na yanarudi. Wanataka tumlete haraka, la sivyo tutamzika ziwani.

Bonge: Kaburi lina maji, nyumba haina.

Ustaz: Sueb, sina muda wa vichekesho.

Bonge: Sijachekesha, Ustaz. Nilikuwa nataka kuuliza tu. Maji ya bahari si yanafaa kuoshea maiti? Si haya hapa?

Ustaz akatazama chini. Panya mfu alikuwa anaelea taratibu, tumbo juu, akapita kati ya miguu ya benchi, akaenda zake upande wa msikiti.

Ustaz: Maji ya bahari ni safi. Hii si bahari. Hiki ni choo ambacho bahari imekirudisha kwa wenyewe.

Mpok Leha: Na yule binti wa Mak Saonah? Wamempata?

Ustaz: Romlah amefika. Ametoka Tangerang kwa miguu nusu ya njia, na sare ya kiwanda cha viatu mwilini, hajapata hata kubadilisha. Ameniambia jambo moja tu, anataka kumpakata mama yake. Basi. Hana kaka, hana dada, anataka kumpakata.

Hapo tukainamisha vichwa wote. Kwa watu wa huku, mama akifa, mabinti zake wanakaa kwenye benchi wamenyoosha miguu, maiti analazwa mapajani mwao, na maji yanamwagwa juu ya mama na juu ya mabinti kwa pamoja. Wanalowa wote. Yeye aliwapakata walipokuwa wadogo, siku hiyo wanampakata yeye. Mtu aliyemwosha mama yake hivyo utamsikia miaka mingi baadaye bado anakwambia maji yalikuwa ya baridi au ya moto.

Ustaz: Kama maji hakuna, tutafanya tayamamu. Wanawake watampangusa uso na mikono kwa vumbi, yamekwisha. Dini haina uzito. Lakini siwezi kuruhusu vumbi mpaka nijiridhishe kwamba maji yametafutwa na hayakupatikana. Nimeuliza kichochoro cha kwanza. Nimeuliza cha pili. Sasa nawauliza nyie. Maji?

"Yamekufa, Ustaz," tulijibu kwa pamoja, kama watoto wa madrasa.

Ustaz: Yamekufa kabisa?

Mkataba: Kabisa. Wiki nzima. Tone hakuna. Mimi shahidi.

Pampu: Na mimi. Hata pampu zangu zote hazifui dafu, na umeme wenyewe wameukata.

Mkataba alikuwa ameweka mkono kifuani kwa kuapa, na glasi yake ya kahawa ilikuwa kwenye mkono huohuo. Mpok Leha aliinama chini ya meza, akatoa dumu, akaongeza kwenye birika, akalirudisha birika motoni. Kisha akamimina glasi moja akampa Ustaz.

Mpok Leha: Kunywa kwanza, Ustaz. Umelowa, utapata homa.

Ustaz alishukuru, akainywa amesimama, mikupuo mitatu, akarudisha glasi. Akapangusa ndevu.

Ustaz: Shida sasa ni vumbi.

Bonge: Shida gani tena?

Ustaz: Vumbi kavu, Sueb. Vumbi safi. Tangu alfajiri naangalia. Kuta zimelowa, njia zimelowa, mchanga wa msikiti umeondoka na maji. Kampung nzima hii, nitatoa wapi vumbi kavu?

Pampu: Kuna lile rundo la mchanga la kampuni, pale walipochimba mtaro wa mabomba mapya wakauacha.

Ustaz: Nimeliona. Limekuwa uji.

Bonge: Saruji je? Mkataba ana mfuko wa saruji kwake.

Mkataba: Haya bwana, umsakafie kabisa Mak Saonah!

Ustaz akamkata jicho, akaondoka anavuta miguu, anapapasa juu ya kingo za kuta kwa kidole, kisha anakitazama kidole. Tulimwangalia mpaka akakunja kona ya msikiti.

Mtu mwenye akili angenyanyuka akaenda kusaidia kutafuta. Sisi tulikuwa na benchi. Mazungumzo yakawaka upya, na kama kawaida yetu, jambo likishatushinda tunalitafutia sababu iliyo kubwa kuliko sisi.

Pampu: Mi nawaambia, hii siyo bahati mbaya. Ile minara ya ghorofa ng'ambo ya mfereji mnaiona? Ghorofa ya thelathini kuna bwawa la kuogelea. Mpwa wangu analisafisha. Maji yanapanda ghorofa thelathini, halafu uniambie yanashindwa kuvuka mfereji?

Mkataba: Presha hiyo. Ni mambo ya kitaalamu.

Pampu: Presha ya hela.

Bonge: Nyie mnaona padogo. Mi nasema maji yenyewe hayapo. Mto uliisha zamani. Wanachota humu humu mferejini kwetu, wanaweka dawa, yanakuwa meupe, wanawapelekea wale wa juu. Wale wa juu wanaoga, yanarudi mferejini, yanachotwa tena.

Mpok Leha: Kwa hiyo matajiri wanaoga mkojo wangu?

Bonge: Wanaogelea kabisa, Mpok.

Mpok Leha: Hapo basi kidogo nimepata raha.

Pampu: Sasa nisikilizeni mimi. Hili sijawahi kumwambia mtu. Juzi niliweka sikio kwenye bomba la mtaani. Hivi, sikio zima. Mnajua nilisikia nini?

Mkataba: Uji wa ubongo wako.

Pampu: Pumzi. Bomba linavuta pumzi. Halileti, linavuta! Yale siyo mabomba ya kutuletea maji. Ni ya kunyonya yaliyo chini yetu. Mbona ardhi inashuka? Nyumba ya Mpok Leha ilikuwa na ngazi tatu, leo unaingia kwa kuinama. Wanatunyonya maji ya chini, tunazama, bahari inaingia, tunahama wenyewe bila kufukuzwa.

Mkataba: Hapo sasa umefika. Hapo umegusa kifungu chenyewe! Mnajua sheria inasemaje? Ardhi ikifunikwa na maji siyo ardhi tena. Ni bahari. Na bahari ina mbia wake mwingine kabisa. Kwa hiyo sisi hapa tulipokaa, kisheria, tuko majini. Mtu wa majini anaweza kudai bomba? Samaki anadai bomba?

Mpok Leha: Yaani mashine ikisema tumehudumiwa...

Mkataba: Inasema kweli! Tumehudumiwa na bahari. Imetufikia hadi mlangoni, saa ishirini na nne, bila mgao.

Alisema hivyo huku amenyoosha kidole kwenye maji meusi, anatabasamu kama aliyeshinda kesi. Nilitaka kucheka nikashindwa. Kuna siku upuuzi wa kijiweni unakaribia ukweli mno, na unakaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Bonge ndiye aliyeharibu.

Bonge: Bomba linavuta kwa sababu ya pampu zako, Tasrip.

Alimwita kwa jina lake. Kijiweni ukiitwa kwa jina lako, ujue mzaha umeisha.

Pampu: Unasemaje?

Bonge: Umeuza pampu kichochoro cha kwanza, ukauza cha pili, ukauza huku. Kila nyumba inavuta. Yakija maji kidogo, mwenye pampu kubwa anayanyonya yote, asiye nayo anakaa na ndoo. Halafu unaweka sikio kwenye bomba unashangaa pumzi. Pumzi hiyo ni yako!

Pampu: Na wewe je, mtakatifu? Maji yakifufuka kesho, wewe unakula nini? Kila ukisali unaomba yasirudi. Watu wanakufa na kiu, wewe unapandisha bei ya dumu.

Bonge: Sijawahi kumpandishia Mak Saonah. Kila asubuhi dumu la kwanza lilikuwa lake. Kabla ya mtu yeyote. Muulize yeyote.

Pampu: Na jana?

Bonge akaweka glasi yake juu ya goti.

Pampu: Nimekuuliza. Na jana?

Bonge: Jana asubuhi sikupata kitu. Kule ninakochota palikuwa pameshaingia bahari. Nilikuja kupata jioni, mawili tu. Mawili, Bang. Nimegombania mpaka nimechaniwa shati.

Pampu: Ukampa nani?

Bonge aligeuza shingo. Aliangalia kibanda, haraka tu, kisha akaangalia mkokoteni wake. Mpok Leha alikuwa anakoroga sukari ambayo ilikuwa imeshayeyuka zamani. Chini ya meza madumu mawili yalikuwa yamelala, moja limepinduliwa kabisa.

Mpok Leha: Mimi nilinunua kama ninavyonunua siku zote. Sikujua. Nani alijua mtu atakufa?

Mkataba: Wacheni bwana, wacheni. Mambo ya ndani hayo. Hebu tuangalie huu ubia kwa upana wake.

Na akaanza upya habari za mtambo, na mto, na mwekezaji. Tulimwacha aseme. Kusema kweli tulimshukuru, maana kila mtu pale alikuwa na glasi mkononi, na kwa muda ule hakuna aliyetaka kuitazama.

Tulikuwa tumefika kwenye bwawa jipya ambalo litajengwa, kubwa kuliko yote, Mkataba anachora bomba lake hewani kwa kijiko, aliposimama mbele yetu mwanamke mmoja. Hatukumwona akija. Alikuwa na sare ya kiwanda, suruali imelowa hadi mapajani, nywele amezifunga kwa kamba ya kiatu. Mkononi alikuwa na ndoo ya buluu yenye mpini wa kamba. Ndoo ile tuliijua. Yeye hatukumjua mara moja, aliondoka hapa akiwa msichana. Lakini alikuwa na macho ya Mak Saonah, na Mpok Leha akapiga kifua.

Mpok Leha: Romlah. Ee mwanangu. Pole, mwanangu.

Romlah: Asante, Mpok.

Wote tukampa pole, mmoja baada ya mwingine. Aliipokea kila pole kwa kichwa. Hakuwa analia, alikuwa anazungusha macho juu ya vitu vyetu, mkokoteni, madumu, benchi, kama mtu aliyeangusha kitu.

Romlah: Nimepita kila mlango. Wananiambia maji yamekufa.

Mkataba: Ndo hivyo, mdogo wangu. Tunangoja boza. Tumewapigia simu.

Romlah: Wanawake wapo tayari. Benchi tumeshaliweka. Ustaz anasema kama sikupata, mama atapanguswa na vumbi.

Mkataba: Dini inaruhusu. Usijisikie vibaya. Tatizo hili ni la mfumo, si lako wala si letu. Ngoja nikueleze. Kuna mwekezaji na kuna serikali...

Mpok Leha: Mkataba, funga mdomo. Kaa, mwanangu, kaa hapa. Umetembea. Kunywa kitu cha moto, upoze moyo.

Akanyanyua birika, akamimina. Ilitoka robo tatu ya glasi, kisha yakaja machicha matupu, kisha birika likatoa sauti ya hewa. Mpok Leha akaitikisa glasi kidogo ili machicha yatulie, akatia sukari, akampa kwa mikono miwili.

Romlah aliweka ndoo kwenye ukingo wa benchi, karibu na mguu wangu. Akaipokea glasi. Moshi ulikuwa unapanda. Aliinusa, akaitazama kwa muda. Akatazama glasi ya Mkataba, ya Pampu, ya Bonge. Akatazama yangu. Akatazama na glasi tupu ya Ustaz iliyokuwa imebaki juu ya meza, na nyingine tulizokunywa asubuhi nzima ambazo Mpok Leha alikuwa amezipanga tu bila kuziosha.

Romlah: Hii kahawa mmepikia maji gani?

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyouliza mgeni anayetaka kujua duka liko wapi.

Mkataba alifungua mdomo. Mtu yule ana jibu la kila kitu, la mto, la mtambo, la samaki. Akaifunika glasi yake kwa kiganja. Pampu alitazama sigara yake. Bonge alikuwa ameshauinamia mkokoteni, anafunga vifuniko vya madumu matupu, kimoja kimoja, vifuniko ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari.

"Hayo yalikuwa..." Mpok Leha alisema. "Hayo yalikuwa ya kahawa, mwanangu."

Akasikia alichosema. Akajifunika mdomo kwa kanga.

Kutoka upande wa msikiti ikaja sauti ya Ustaz Mahfud, anaita kwa furaha, masikini, kwamba amepata. Juu ya kabati la misahafu, nyuma kabisa, ambako hakuna mtu aliyewahi kupangusa. Vumbi kavu, safi, linatosha.

Romlah aliiweka glasi juu ya benchi taratibu sana, asimwage. Akachukua ndoo ya mama yake, akaondoka nayo tupu kuelekea nyumbani.

Wanawake waliokuwa ndani walituambia baadaye kwamba alimpakata vilevile. Alikaa amenyoosha miguu, wakamlaza Mak Saonah mapajani mwake, wakampangusa uso na mikono, na ikachukua muda mfupi sana. Walipomaliza, Romlah hakumwachia. Wakamwambia imetosha, tayari. Akauliza kama hakuna kinachofuata, wakamwambia hakuna.

Sisi tulibaki pale, kila mtu na glasi yake, zikapoa. Hakuna aliyeweza kumaliza kahawa ile, na hakuna aliyethubutu kuimwaga.